Filamu za mikoani hazikwami kwa kukosa kamera

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Magazeti yetu yanapoandika habari za watengeneza filamu wa mikoani, hasa wa filamu fupi na filamu za makala, habari nyingi huishia pale pale: kijana ana kipaji, hana kamera, wadau wajitokeze. Wadau wakijitokeza huleta kamera. Vikundi vikiomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani unaogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, orodha ya manunuzi huanza na kamera, ikafuata droni, na mara nyingi hiyo ndiyo orodha nzima.

Sisi tunaopokea kazi hizo zinapofika mezani kuhaririwa tunaona jambo jingine. Simu nzuri ya leo inapiga picha zinazotosha ukumbi wa sinema. Kinachozikwamisha filamu za Mwanza, Kigoma, Mtwara au Songea ni sauti, karatasi na utunzaji wa mafaili. Hayo matatu ndiyo yanayoamua kama mtu atabaki na filamu moja ya kuwaonyesha marafiki, au atakuwa na kazi ya kumlisha miaka 20.

Sauti ndiyo huharibika kwanza. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini maneno asiyoyasikia hayavumilii hata dakika mbili. Maiki iliyo ndani ya kamera, ikiwa mita tatu kutoka kwa msemaji, inachukua chumba kizima: mwangwi wa kuta za saruji, feni, bodaboda nje, na msemaji kwa mbali. Dawa yake ni umbali. Maiki ya kola ikae shibiri moja chini ya kidevu. Maiki ya fimbo ikae kama nusu mita juu ya kichwa, nje kidogo ya fremu, ikielekezwa kifuani. Kitenge kipya ambacho hakijafuliwa hukwaruza maiki kila msemaji anapopumua, kwa hiyo ibandikwe kwa teipu ya kitambaa upande wa ndani, na waya uachiwe kitanzi kidogo chini yake ili msemaji akigeuka usiivute. Chumba chenye mwangwi kitundikwe mablanketi nyuma ya kamera na pembeni mwa msemaji, mahali ambapo lenzi haioni.

Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24. Zima ule mfumo wa kamera unaojipangia kiwango cha sauti wenyewe. Msemaji akinyamaza mfumo huo hupandisha kelele za chumba, akianza kusema unazishusha, na filamu nzima inakuwa inapanda na kushuka namna hiyo. Panga kiwango kwa mkono ili maneno yenye nguvu yafike kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri, yaani chini ya kikomo cha juu cha rekoda. Kwa kurekodi huku kwa biti 24, sifuri ikiguswa neno limepasuka, na programu za kulitengeneza hutoa kitu kinachofanana nalo tu. Rekoda mpya za biti 32 zinaokoa makosa ya kiwango, ila haziondoi mwangwi wala hazisogezi maiki karibu na mdomo.

Friji ikiwa jirani na chumba cha mahojiano izimwe, na ufunguo wa gari au pikipiki uwekwe ndani yake, ili mtu asiondoke bila kuiwasha tena. Mvua ikianza juu ya bati, mahojiano yasimame. Kelele hiyo haitoki kwenye rekodi. Na kabla ya kukunja nyaya, kila mahali, rekodi sekunde 60 za ukimya wa mahali hapo, watu wote wakiwa wametulia walipo. Mhariri akikata kikohozi katikati ya sentensi, huziba pengo kwa ukimya huo. Rekodi hiyo ya ukimya isipokuwepo, kila mkato unasikika.

Vaa hedifoni muda wote wa kurekodi. Mngurumo wa umeme wetu una masafa ya hezi 50, na spika ndogo za kompyuta mpakato hazifiki chini hivyo. Mtu huhariri wiki tatu bila kuusikia, halafu unamlaki siku ya onyesho kwenye spika kubwa za ukumbini.

Kuhusu picha tuna machache, maana hapa vijana wetu wako vizuri. Piga kwa fremu 25 (picha 25) kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde, kwa sababu taa zetu zinawaka kwa umeme huo huo wa hezi 50. Anayeacha kamera kwenye fremu 30 na shata 1/60, kama wengi walivyozikuta zikitoka dukani, atapata mistari inayotembea kwenye picha kila anapoingia darasani penye taa za mrija au kwenye duka lenye balbu za LED za bei rahisi. Simu ina shida yake: hubadilisha idadi ya fremu yenyewe kadiri mwanga unavyobadilika. Ukiiweka picha hiyo moja kwa moja kwenye programu ya kuhariri, dakika ya kwanza midomo na maneno vinakwenda pamoja, dakika ya kumi vimeachana. Igeuze kwanza iwe ya fremu zisizobadilika, ndipo uanze kukata. Au tumia programu ya kamera inayokuruhusu kuifunga kwenye 25.

Sasa mafaili. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa. Filamu ya makala ya dakika 20 ikipigwa kwa uwiano wa 30 kwa 1, yaani dakika 30 za kupiga kwa kila dakika 1 ya filamu, jambo la kawaida kabisa kwa makala, ina saa 10 za picha, yaani gigabaiti 450, bila kuhesabu sauti, picha za kumbukumbu na mafaili ya kazi. Zinatakiwa nakala tatu: moja ya kufanyia kazi, ya pili kwenye diski nyingine, ya tatu nyumba nyingine kabisa, ili wizi au moto usichukue zote. Kwa hesabu hiyo kikundi kinahitaji nafasi ya terabaiti moja na nusu kwa filamu moja fupi. Tunasikitika kusema kwamba orodha za manunuzi tunazoziona zina kamera mbili na diski moja.

Diski za kuzunguka hufa kwa kudondoshwa zikiwa zinafanya kazi na kwa vumbi la safari. Diski za SSD, zisizo na kitu kinachozunguka ndani, zinastahimili mitikisiko, ila zikifungiwa kabatini miaka bila kuunganishwa na umeme zinaweza kupoteza data, kwa hiyo filamu ya zamani isiachwe humo peke yake. Kunakili kufanywe kwenye kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa, maana umeme ukikatika katikati, faili hubaki na jina lake na ukubwa nusu, na mtu haraka haraka anafuta kadi akidhani kila kitu kimehamia. Tumia programu ya kunakili inayolinganisha faili la kwanza na la pili hadi herufi ya mwisho. Kadi isifutwe mpaka nakala mbili zimefunguliwa na kutazamwa.

Hapa tunaomba wasomaji wenye filamu mkononi watusikilize kwa makini zaidi. Filamu ikikamilika, watu wengi wa mikoani hutoa faili moja dogo la kupandisha mtandaoni, kisha husafisha diski ili kupisha kazi inayofuata. Faili hilo moja lina picha, sauti, muziki na maandishi ya chini vyote vimechemshwa pamoja. Miezi minane baadaye kituo cha televisheni cha nje kinaitaka filamu, na kinauliza mambo matano: picha safi isiyo na maandishi, sauti za watu peke yake, muziki na milio ya mazingira peke yake, faili la manukuu (yale maandishi ya chini), na maneno yote ya filamu yaliyoandikwa pamoja na muda wake. Asiye navyo anajibu kwamba hana, na mazungumzo yanaishia hapo. Tumeona pia shirika likitaka toleo la dakika 5 la filamu ya dakika 24, na wimbo mmoja uliotakiwa kuondolewa ukiwa umelala chini ya ushuhuda mzima wa mama mmoja. Wimbo hautoki bila kumtoa mama.

Kwa hiyo siku ya kumaliza filamu, kabla ya sherehe, toeni haya. Nakala kuu ya ProRes 422 HQ (aina ya faili la video la ubora wa juu) ya 1920 kwa 1080, ambayo kwa fremu 25 ni kama megabiti 184 kwa sekunde. Filamu ya dakika 20 itakula takribani gigabaiti 28. Nakala hiyo hiyo bila maandishi yoyote. Sauti katika mafaili matatu tofauti, yaani maneno, muziki na milio, yote yakianza sekunde ile ile na kuisha sekunde ile ile. Nakala ndogo ya H.264 (video iliyobanwa) ya megabiti 10 hadi 15 kwa sekunde kwa ajili ya kutuma. Manukuu katika faili la SRT, yaani faili la maandishi matupu yenye muda wake. Orodha ya muziki yenye jina la wimbo, mtunzi, mwenye rekodi, na sekunde zilizotumika. Ni kazi ya siku moja kama mradi bado uko wazi kwenye kompyuta. Mwaka mmoja baadaye, programu imebadilika na diski imehamishwa, ni kazi ya wiki mbili, na wakati mwingine haiwezekani tena.

Manukuu nayo yana kanuni zake. Mistari isizidi miwili, kila mstari herufi 42 kwa kawaida, na isomeke kwa kasi ya herufi kama 17 kwa sekunde. Yasikae chini ya sekunde moja wala kuzidi saba. Filamu yenye watu wanaosema Kisukuma, Kiha au Kimakonde inahitaji manukuu ya Kiswahili na ya Kiingereza, na mfasiri awe wa eneo lile lile, kwa sababu lahaja hutofautiana kutoka wilaya hadi wilaya na wazee wakiona filamu hugundua kosa mara moja. Usiyachome maandishi juu ya nakala kuu. Kosa moja la tahajia likichomwa humo, litasafiri na filamu milele.

Ukumbi wenye mashine ya sinema ya kidijiti utaomba DCP, yaani furushi la mafaili ya filamu yaliyopangwa kwa ajili ya mashine hizo. Aina inayokubalika kila mahali ni ya fremu 24 kwa sekunde. Filamu yetu ya fremu 25 ikipunguzwa mwendo kwenda 24 hurefuka kwa asilimia 4 hivi: dakika 20 zinakuwa 20 na sekunde 50. Jambo hilo lina maana kubwa kwenye mipaka ya urefu. Shindano la filamu fupi la Cannes linataka zisizozidi dakika 15, la Berlin dakika 30, na Tuzo za Oscar zinahesabu filamu kuwa fupi ikiwa ni dakika 40 au chini, pamoja na orodha ya majina ya mwisho. Aliyehariri dakika 15 kamili akitengeneza DCP anajikuta na dakika 15 na sekunde 37. Acheni nafasi.

Tukija kwenye karatasi, vibali vya serikali tutavipitia haraka kwa kuwa vinajulikana. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha, na filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Bara mlango ni Bodi ya Filamu, Zanzibar ni BASSFU, baraza la sanaa, sensa, filamu na utamaduni la huko. Droni ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ndani ya hifadhi za taifa ni TANAPA. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa apewe barua kabla hamjashuka na vifaa, hata kama mna kibali cha Dodoma.

Kinachosahaulika ni ridhaa ya watu wanaoonekana. Fomu iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na iseme wazi: filamu inahusu nini, itaonyeshwa wapi (ukumbini, televisheni, mtandaoni), kwa muda gani, na mtu anaweza kumpigia nani akiwa na malalamiko. Asiyesoma asomewe mbele ya kamera na ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Rekodi hiyo itunzwe pamoja na picha za filamu. Mtoto asainiwe na mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, imelifanya jambo hili kuwa zito kuliko zamani, hasa pale mtu anapoeleza ugonjwa wake. Saini zichukuliwe siku ile ile. Kumtafuta mvuvi wa kisiwani baada ya miezi sita, wakati dago, kambi ya wavuvi, limehama, ni kazi nyingine kabisa, na matamasha mengi makubwa pamoja na vituo vya televisheni huomba uthibitisho huo kabla ya kusaini chochote.

Muziki una haki mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na zote mbili zinaombewa ruhusa kwa maandishi. Kununua wimbo kwenye simu si ruhusa ya kuuweka kwenye filamu. Wimbo unaosikika redioni nyuma ya fundi cherehani wakati wa mahojiano nao unahesabika, kwa hiyo mwombeni azime redio, mrekodi maneno, milio ya mazingira mtaiongeza baadaye. Kikundi cha ngoma kijijini nacho kina haki: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda pia wasanii watendaji na sanaa za jadi. Andikeni makubaliano na kikundi, kilipwe, na majina ya waimbaji yaingie mwishoni mwa filamu. Njia bora tunayoijua ni kumpa kazi mwanamuziki wa mkoa huo huo atunge muziki mpya, kwa mkataba unaotaja filamu, maeneo na miaka.

Mkataba na shirika linalofadhili usomwe kwa utulivu. Mashirika ndiyo waajiri wakubwa wa watengeneza makala mikoani, na mikataba mingi huwaachia wao kila kitu, hata picha ambazo hazikutumika. Kabla ya kusaini ombeni vifungu viwili: haki ya kuipeleka filamu kwenye matamasha, na haki ya kutumia picha zilizobaki kwenye filamu yenu wenyewe baada ya muda fulani. Wengi hukubali wakiombwa mapema. Wakiombwa baada ya malipo ya mwisho hawajibu barua pepe.

Vivyo hivyo kwenye kuuza. Enzi za kanda na DVD za Kariakoo, mtayarishaji alikabidhi filamu na haki zake zote kwa malipo ya mara moja, na waliouza hivyo leo hawana cha kurudia. Filamu fupi iuzwe kwa leseni yenye mipaka: televisheni, Tanzania, miaka 2, maonyesho 3, bila kumfunga mwenye filamu asiuze kwingine. Leseni ndogo tano za namna hiyo zinaacha filamu ikiwa bado mali yako.

Mpangilio wa kuonyesha nao una mantiki yake. Baadhi ya matamasha hayapokei filamu iliyokwisha kuwekwa wazi mtandaoni, na mengi yanataka iliyokamilika ndani ya mwaka mmoja au miwili iliyopita. Anayeipandisha usiku ule ule alioimaliza anafunga milango asiyoijua. Wekeni kiungo chenye nywila, anzeni na matamasha, mfano Tamasha la Nchi za Jahazi la Zanzibar lililoanzishwa mwaka 1997, kisha televisheni, kisha vyuo na shule, mtandao wa wazi uje mwisho. Ada za kuingiza filamu zikiwa nzito, andikeni kuomba msamaha wa ada. Watengenezaji wa Afrika hupewa mara nyingi kuliko wanavyodhani. Na anayetaka kujinoa asiishie Dar es Salaam: Maisha Film Lab ya Kampala, iliyoanzishwa na mwongozaji filamu Mira Nair mwaka 2004, na Docubox ya Nairobi inayosaidia filamu za makala, ziliundwa kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. Maombi ya namna hiyo huhitaji muhtasari wa sentensi mbili, maelezo ya filamu ya kurasa chache, bajeti na dakika tatu za picha zenye sauti safi.

Ndugu Mhariri, tuna maombi matatu. Maofisa maendeleo ya jamii na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, wanapopokea andiko la kikundi cha filamu, waulize diski ni ngapi, maiki ni zipi, na fomu ya ridhaa iko wapi, kabla ya kuuliza aina ya kamera. Wanaoandaa mafunzo ya siku tano mikoani, siku mbili ziwe za sauti na nusu siku iwe ya kutoa nakala kuu. Na gazeti lako, linapoandika habari za filamu fupi au ya makala, litaje urefu wake, lugha yake, na nani alirekodi sauti, aliyeihariri na aliyetunga muziki, maana wasaidizi hao ndio wanaobaki mkoani kutengeneza ya pili.

Ni sisi,
Wapiga picha, wanasauti na wahariri wa filamu za makala,
Kanda ya Ziwa